Swali la Tisa

Dandora Phase One, Nairobi
17 Aprili 1983

Mpendwa Tata Teresiah,

Habari za Ol Kalou na baridi yake? Sisi huku hatujambo. Baba bado yuko kiwanda cha sabuni, zamu ya asubuhi, na kikohozi chake kiko zamu zote. Anasema wewe dada yake usisahau kuvaa soksi. Mama anauza mboga palepale mbele ya lango. Thuo ameingia darasa la pili na ameng'oka meno mawili, moja lenyewe na moja kwa kupigana. Wapangaji wa chumba cha nyuma wamehama na balbu yetu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu cha kuandika ni kibovu, na nikikuandikia kwa Kiingereza utasema najidai.

Nimepata kazi ya likizo. Kuna daktari anaitwa Matheka ambaye serikali imempa fedha achunguze kwa nini watoto wa Dandora wanahara. Si kuwatibu. Kuchunguza. Mama alimwuliza kama dawa ziko ndani ya gari, akasema hapana, ndani ya gari kuna fomu. Fedha zake ni za kujaribu tu. Julai kamati itakaa kuamua kama ataongezewa. Akiongezewa, kutajengwa kibanda karibu na kanisa, na muuguzi atakaa hapo kuwafundisha kina mama jambo fulani. Jambo lenyewe hatuambiwi, tusije tukawafundisha watu majibu. Asipoongezewa, wanaondoka na meza yao.

Maswali yake yalikuwa kwa Kiingereza. Alikuja shuleni akauliza ni nani anayejua lugha zote mbili, na mwalimu mkuu akanitaja. Sikukataa kwa sababu kukataa kunahitaji kuongea. Nikayatafsiri yote ishirini na mawili kwa siku mbili, mimi na kamusi ya shule. Sasa tunatembea nyumba hadi nyumba na dada mmoja wa mradi anaitwa Nakhumicha. Yeye anauliza, mimi naandika. Mpango huo unanifaa.

Swali la tano ndilo lililotusumbua kidogo. Niliandika, "Je, mtoto wako anaendesha?" Mzee mmoja akasema mtoto ana miezi minane, ataendesha nini. Sasa tunauliza kama anahara, na watu wanatazama ukuta lakini wanajibu. Vijana wa kona wameanza kunisalimia, "Niaje, Dakta wa Kuhara!" Siitikii.

Nilikuwa na jambo moja la kukuuliza lakini nimelikata kwa kalamu, hapo chini. Tafadhali usiishike karatasi kwenye mwanga.

Ni mimi unayeniita mama ingawa nina miaka kumi na mitano,
Waruguru

*

Ol Kalou
9 Mei 1983

Kwako mama yangu Waruguru,

Pokea salamu nyingi kama viazi vya mwaka jana, kwa maana vya mwaka huu vimechomwa na baridi. Barua yako ilikaa wiki mbili dukani kwa Bedan, chini ya mzani. Bedan humpa mtu barua yake akinunua kitu, na mimi chumvi nilikuwa nayo. Ng'ombe amezaa dume. Mwambie kaka yangu soksi ninavaa. Cheti cha ngumbaru nimekipata, nilikuwa wa pili. Wa kwanza ni shemasi mmoja ambaye nadhani alijua kusoma tangu zamani, alikuja kwa ajili ya chai.

Nimesoma habari za daktari wako. Hapa pia serikali ilituletea mtu wa kuchunguza kupe. Alichunguza miaka miwili, akaondoka, kupe wakabaki. Simjui huyo wenu lakini namhurumia. Mwambie aombe fedha za barabara. Barabara huonekana.

Nimeishika karatasi kwenye mwanga. Nimesoma "Ngigi" na nimesoma "maji". Mengine uliyakata vizuri.

Sasa sikiliza, mama. Ndugu yako Ngigi alikuwa na jina la baba yangu, kama wewe ulivyo na jina la mama yangu. Kwa hiyo mimi nimemzika baba mara mbili, na mara ya pili sanduku nililibeba peke yangu. Hayo ndiyo nitakayosema juu yake. Usimwulize mama yako. Yeye mwulize mambo ya mboga.

Mimi,
Teresiah

*

Dandora
29 Mei 1983

Mpendwa Tata,

Salamu kutoka kwetu sote. Hongera kwa cheti. Baba aliposikia umekuwa wa pili alicheka mpaka akakohoa. Hongera kwa dume pia, ingawa najua ulitaka jike. Thuo ameota jino moja na anamwonyesha kila mtu, hata kondakta. Shule imefunguliwa, kwa hiyo kazi ya mradi naifanya Jumamosi.

Kuna tatizo, na limo katika swali la tisa. Kwa Kiingereza lilikuwa linauliza kama mama alimzuilia mtoto vinywaji alipokuwa anahara. Neno lenyewe lilikuwa withhold. Kamusi ya shule ilisema: nyima. Nikaandika, "Mtoto wako alipohara, ulimnyima maji?" Kisarufi halina kosa. Mwalimu wa Kiswahili alilipiga tiki.

Nyumba mia tatu na kumi na mbili zimejibu. Waliomnyima mtoto maji: hakuna. Daktari Matheka alizitazama fomu zile muda mrefu. Alisema hata ukiuliza watu mia tatu kama wamewahi kula makaa, wawili watakubali. Hajawahi kuona sifuri safi namna hiyo.

Ndipo akatueleza kwamba swali la tisa ndilo nguzo ya utafiti wote. Mtoto anayehara huuawa na kukauka. Anatakiwa anywe, tena kuliko siku zote, maji yaliyochemshwa yakatiwa sukari na chumvi kidogo. Daktari anaamini kina mama huyazuia maji wakidhani yanaongeza kuhara, na anataka kuwafundisha. Sasa fomu zake mwenyewe zinasema hakuna anayezuia. Karani wa kamati amempigia simu akamwambia kwamba kama tatizo halipo, fedha za kulikinga zitapelekwa kwa tatizo lililopo. Wanakaa tarehe nane Julai. Daktari anasema hii ndiyo shida ya kazi ya kukinga: ukifaulu, hakuna kilichotokea, na hakuna wa kumpiga picha.

Alipokuwa anaeleza hayo ya kukauka nilitoka, nikaenda kukaa chooni mpaka mpangaji akagonga.

Tata, ninaijua nyumba moja ambayo jibu lake si la kweli. Ni yetu. Nakhumicha alipomwuliza Mama swali la tisa, Mama alisema, "Hapana," na mimi nikaandika hapana kwa mwandiko mzuri. Lakini mwaka wa 1980, wewe ulipokuja kumlea Ngigi ili Mama aanze biashara ya mboga, Ngigi alihara siku tatu, na kikombe chake kiliwekwa juu ya kabati. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kabati nalikumbuka.

Inabidi niulize, na nitauliza vile tunavyowauliza wengine. Ulimnyima maji?

Nisamehe kwa kuuliza,
Waruguru

*

Ol Kalou
12 Juni 1983

Waruguru,

Hatujambo. Ng'ombe hajambo.

Mimi sikumnyima baba yangu maji. Anayenyimwa ni mbwa wa jirani. Anayenyimwa ni mtu mliyegombana naye. Mimi nilimpumzisha tumbo. Tumbo likifunguka unalipumzisha siku mbili tatu, hulitupii kitu, nalo linajifunga lenyewe. Mama yangu, huyo ambaye jina lake umelibeba, alitupumzisha sisi sote wanane, na watano tuko hai mpaka leo. Muulize mwanamke yeyote hapo Dandora kama alimnyima mtoto wake maji. Akikujibu ndiyo, mpeleke kwa chifu.

Na kwa kuwa ni wewe uliyefungua huu mlango, ingia mpaka ndani. Siku ya pili, saa sita mchana, nilitoka kuanika nguo. Niliporudi nilimkuta Ngigi fulana imeloa kifuani, na wewe umesimama dirishani unatazama nje, na nje hakukuwa na kitu. Nilijua umempa maji. Kesho yake akatuacha. Sikumwambia mama yako. Sikumwambia kaka yangu. Hata mchungaji sikumwambia, na alikuwa anauliza. Nimekuficha miaka mitatu. Ulikuwa mtoto na ulimhurumia, hilo nalijua. Nilikusamehe siku ileile tulipotoka makaburini.

Sasa usiniletee kamusi.

Teresiah

*

Dandora
24 Julai 1983

Mpendwa Tata,

Hujambo? Sisi tuzima. Nimechelewa kukujibu karibu wiki sita. Wiki mbili za kwanza sikuwa na stempu. Wiki zilizofuata nilikuwa nazo.

Mama ameongeza vitunguu kwenye meza yake. Balbu mpya wapangaji wapya wameikuta imefungiwa kwa waya, wazo la Baba. Thuo ameugua tetekuwanga, amepona, sasa anaombea irudi kwa sababu alikuwa haendi shule.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama mtoto wa kaka yako, nikailaza chini ya godoro. Mara ya pili niliisoma kama mtafsiri. Ulikuwa umeandika, "Sikumnyima, nilimpumzisha tumbo." Nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimeingia nyumba mia tatu na kumi na mbili kuwauliza kina mama kama ni wachoyo kwa watoto wao wenyewe, nao wakanijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili.

Jumatatu baada ya shule nikaenda kwa Daktari Matheka. Nilijua nikifika sauti itapotea, kwa hiyo niliandika karatasi kabla. Ilisema: "Sifuri ni yangu. Neno ni baya." Akaisoma, akaigeuza kuona kama kuna zaidi.

"Neno zuri ni lipi?" akaniuliza.

Nikaandika.

"Na hili umelitoa wapi?"

Nikaandika: "Kwa shangazi yangu."

"Amesomea wapi, huyo shangazi?"

"Ngumbaru, Ol Kalou," nikasema. Hilo nilisema kwa sauti, sijui kwa nini. Yeye hakucheka. Alisema turudi tukaulize upya kabla kamati haijakaa, na kama kuna mtu wa kulaumiwa ni yeye aliyempa mtoto wa Form Two kazi ya chuo kikuu. Nilitamani anilaumu kidogo tu, tumalize.

Tulirudia nyumba mia moja na ishirini, zaidi hatukuwahi. Ya kwanza ilikuwa ya Nduta anayeuza makaa. Alipotuona alisimama mlangoni na koleo lake.

"Mmerudi? Si niliwaambia sijamnyima mtoto wangu kitu? Nyinyi ni polisi?"

"Pole, Mama," Nakhumicha akasema. "Leo ni swali jingine. Mtoto alipohara, ulimpumzisha tumbo?"

"Haya! Hilo sasa ndilo swali." Akaweka koleo chini. "Nilimpumzisha, ndiyo. Siku mbili kamili. Hata chai hakuonja."

"Na alipolia?"

"Alilia nini? Lile ni tumbo linalia." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe kasichana unayeandika, mbona hamkuuliza hivyo mara ya kwanza? Huko shule mnafunzwa nini?"

Alikuwa anajivunia, Tata. Wote walikuwa wanajivunia. Mmoja alimwita jirani aje naye aseme siku zake. Nyumba tisini na saba kati ya mia moja na ishirini zilipumzisha tumbo. Niliandika ndiyo mpaka mkono ukauma.

Kamati ilikaa tarehe nane kama walivyosema. Daktari aliomba miaka mitatu. Wamempa mmoja, kwa sharti kwamba tafsiri zifanywe na mtu mzima. Kibanda kitajengwa. Muuguzi atakuja siku tatu kwa wiki, kwa hiyo watoto itabidi wapange siku za kuugua.

Sasa lile jingine.

Ni kweli nilimpa maji. Kikombe kilikuwa juu, nilipanda kiti. Na kwa miaka mitatu nimejua kwamba mimi ndiye niliyemuua Ngigi. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu, kwa kuwa ulisema maji ni mabaya na mimi nikampa na kesho yake akafa. Nilikuwa nimezoea kulijua hilo. Shuleni wakisema Waruguru ni mpole, nilikuwa nafikiri, mngejua. Kisha Mei Daktari akasema watoto huuawa na kukauka, na nikaelewa kwamba sikumuua.

Nimeshindwa kufurahi. Kila nikiitoa kwangu habari ya nani aliyemuua, inatafuta pengine pa kukaa, na mlango inaoujua ni mmoja tu. Siandiki ni wa nani. Umesema ulinisamehe. Asante. Sijui nifanye nini na msamaha huo sasa, lakini sikutaka uone kama nimeutupa.

Nyumba yetu haikujibu upya. Nakhumicha alipofika kwa Mama na swali jipya, Mama hakuinua macho kwenye sukuma wiki. Alisema, "Mwulizeni Teresiah, yeye ndiye aliyekuwa na mtoto." Hakusema kwa hasira. Sijui anajua kiasi gani. Baadaye tuliongea mambo ya mboga.

Kwa hiyo nimetia fomu yetu humu ndani, tupu. Kamati imeshakaa, haiwezi kuhesabiwa. Ukitaka, washia nayo moto.

Waruguru

*

Ol Kalou
18 Septemba 1983

Kwako mama yangu Waruguru,

Salamu kwako, kwa kaka yangu na kikohozi chake, kwa Thuo na meno yake. Mama yako msalimu peke yake, pembeni, umwambie nimemsalimu peke yake.

Dume nimeliuza. Viazi vilivyosalia nimevuna, vidogo, vinatosha. Barua yako haikukaa dukani. Niliipata siku ya tatu, nilikuwa nimeishiwa chumvi. Aliyekaa ni mimi.

Nilikwenda zahanati nikamwuliza muuguzi kuhusu mtoto anayehara. Nilimwambia nauliza kwa niaba ya jirani. Akasema vilevile kama daktari wako. Wiki iliyofuata nikarudi nikauliza tena, kwa niaba ya jirani mwingine, labda kwa huyo mambo yangekuwa tofauti. Hayakuwa tofauti. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, keti kwanza," akafunga mlango, akanipa chai. Hakuniuliza majirani wangu ni akina nani. Ana umri kama wako, labda kukuzidi miaka minne.

Nikarudi nyumbani nikawahesabu ndugu zangu watatu waliokufa. Nilikuwa sijawahi kuwahesabu upande huo.

Kuhusu hiyo habari yako inayotafuta mlango: huu hapa, ni wangu, na uko wazi. Usiiweke nje tena kwenye baridi. Imefika nyumbani kwake.

Fomu sikuwashia moto. Nimeijaza kwa kalamu ya wino kama tulivyofundishwa, bila kufuta. Maswali ya mfereji na choo nimeyaacha, utayajaza wewe, nyumba ni yenu. Haya ndiyo yangu, nimeyanakili hapa pia, fomu isije ikapotelea njiani:

Jina la mhojiwa: Teresiah Wangeci.

Uhusiano na mtoto: Shangazi yake. Pia binti yake.

Swali la tano. Mtoto alihara? Ndiyo, siku tatu.

Swali la tisa. Ulimpumzisha tumbo? Ndiyo. Nilimnyima maji.

Swali la kumi. Ni nani aliyekushauri? Waruguru, mama yangu mzazi. Yeye naye alishauriwa.

Swali la kumi na moja. Je, kuna mtu yeyote aliyempa mtoto kinywaji? Ndiyo. Waruguru, mama yangu mdogo. Ndiye peke yake nyumba nzima aliyefanya inavyotakiwa.

Mpelekee daktari hata kama haihesabiwi. Mwambie kama anaongeza nyumba, aongeze na za huku. Wanawake wa hapa wanapumzisha sana, na mimi maneno yao nayajua yote. Fomu siku hizi naweza kusoma.

Mwisho wa karatasi wameweka mstari wa sahihi ya mhojiwa. Nimetia sahihi. Chini yake nimechora mstari mwingine kwa rula, ambao haukuwepo, na sikuandika ni wa kitu gani. Ukiona unaweza kunipa mimi kile nilichokupa siku ya makaburini, weka jina lako hapo, ukishaonyesha fomu unirudishie. Usiharakishe. Posta yetu hufunguliwa Jumanne na Alhamisi, na mimi siku zote mbili huwa sina kazi.

Teresiah